Waraka wa Hofu na Punda Tisa

Watumishi wote wa Mamlaka ya Mitaro na Mifereji walitangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba kuanzia Jumatatu ile wangeanza kuogopa rasmi. Si kwamba hapo kabla hawakuwa wakiogopa. Waliogopa sana, ila kiholela, kila mtu kwa wakati wake na kwa kiasi chake, bila mwongozo wala takwimu. Sasa uoga ungeratibiwa. Miezi mitatu ile ikapewa jina la Robo ya Hofu Yenye Tija, na bango la kitambaa likatundikwa juu ya lango, maandishi mekundu: HOFU NI MAFUTA, MTUMISHI NI INJINI.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi Mkuu mwenyewe. Mbele yake watu walimwita Mheshimiwa, na akishageuka walimwita Radi, kwa ajili ya sauti yake. Radi alikuwa amefanya utafiti. Siku moja alikohoa koridoni akaona watumishi kumi na mmoja wakianza kutembea haraka. Akakohoa tena, wakakimbia. Wengine walikimbilia upande ambao hawakuwa na shughuli nao, lakini hilo halikumsumbua. Alichotaka yeye ni mwendo, na mwendo aliupata.

Wiki ya kwanza ilileta matunda ya kutia moyo. Watu walifika kazini kabla mlinzi hajafungua lango. Hakuna aliyeonekana ameketi. Kila mmoja alitembea na faili kwapani, na waliokosa faili walibeba bahasha, na aliyekosa bahasha alionekana mara tatu akipita na kifuniko cha printa. Mitaro iliyozibuliwa wiki hiyo ilikuwa sifuri, maana wa kuzibua mtaro lazima kwanza atoke ofisini, na nani angethubutu kutoka ofisini?

Nje ya mlango wa Radi alikaa katibu muhtasi wake, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye jengo zima lilimwita Mama Herufi. Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Katika miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kukosea hata herufi moja. Alikuwa ametumikia wakurugenzi watano, na wote watano walisifiwa kwa Kiswahili chao kilichonyooka. Kiswahili hicho kilikuwa chake. Wao walisema walivyosema, yeye akaandika walivyopaswa kusema, na hakuna aliyemshukuru kwa sababu hakuna aliyejua.

Asubuhi ya Jumanne Radi alitoka na mbinu mpya ya usimamizi. Badala ya kumpa Mama Herufi karatasi ya kunakili, alisimama nyuma ya kiti chake, pumzi yake ikimgonga kisogoni, akaanza kumtamkia waraka neno kwa neno. Kipengele cha kwanza kilisema kwamba hofu imefanikiwa. Cha pili kilisema kwamba maswali, ufafanuzi na masahihisho yamesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo. Cha tatu kilirudia cha pili kwa ukali zaidi. Cha nne kilisema hivi: kila mkuu wa kitengo awasilishe punde taarifa ya kitengo chake ofisini kwa Mkurugenzi Mkuu, Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi.

Walipofika kwenye neno "punde", Radi alikohoa.

Mama Herufi alishtuka. Kidole kilichokuwa kinakwenda kwenye E kiliruka kikatua kwenye A. Hakuinua macho kutazama kioo, maana nyuma yake sauti ilikuwa tayari imefika kwenye "kabla ya saa nne". Waraka ukachapwa, na Radi akausaini hapo hapo bila kuusoma. Yeye hakuwa mtu wa kusoma maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, kama vile mtu asivyokagua chakula alichokwisha kutafuna. Nakala tisa zikaenda kwa wakuu tisa wa vitengo.

Saa nane mchana, alipokuwa akiweka nakala ya mwisho kwenye jalada, Mama Herufi aliisoma kwa mazoea. Kila mkuu wa kitengo awasilishe punda.

Alisimama, akaenda hadi mlangoni kwa Radi, akainua mkono kubisha. Mkono ulikaa hewani kama nguo kwenye kamba. Akakumbuka kipengele cha pili, masahihisho yamesitishwa. Akakumbuka pia kwamba ilikuwa imebaki miezi kumi na minne tu astaafu, na kwamba mhudumu wa mapokezi alihamishiwa ghala la mabomba kwa kosa la kupiga chafya. Akaushusha mkono, akarudi kitini. Alijipa moyo kwamba watu wana akili zao, kwamba kila atakayeisoma atajua kilichokusudiwa. Miaka ishirini na sita katika ofisi ile, na bado aliweza kujidanganya namna hiyo.

Wakuu wa vitengo walikutana siku hiyo hiyo kwenye chumba cha vikombe, mlango umefungwa. Walikuwa watu wazima wenye wake, waume na wajukuu. Wote walikuwa wameisoma ile sentensi si chini ya mara tano, na kila mmoja alisubiri mwenzake aseme. Mkuu wa Kitengo cha Mashimo, bwana mmoja mnene na mpole, alitaja kwamba hali ya hewa ni nzuri. Wakakubaliana kwamba hali ya hewa ni nzuri. Hatimaye wakamgeukia Mwanasheria wa Mamlaka.

Mwanasheria aliusoma waraka akiwa ameuweka mbali na uso, kama anayeogopa utamrukia. Akasema sheria haiulizi kwa nini, inauliza ngapi. Na hapa ni mmoja kwa kila mkuu.

"Na hiyo 'punda taarifa' tunaielewaje?" akauliza Mkuu wa Mashimo, kwa sauti ya chini kabisa.

"Kuna koma imejificha," akasema Mwanasheria. "Punda, koma, taarifa. Vyote viwili viwasilishwe. Mimi ningefunga taarifa mgongoni mwa punda, kwa usalama."

Kila mmoja aliandika hilo kwenye daftari lake. Hakuna aliyecheka. Kucheka nako kungeweza kuhesabiwa kuwa ni swali.

Kesho yake walianza kumpitia Mama Herufi mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mmoja aliomba klipu za karatasi. Mwingine alimsifia kalenda. Mkuu wa Mashimo ndiye aliyekaribia zaidi. Aliegemea meza, akachezea chombo cha kalamu, akasema, "Mama, hivi yule... yule anayetajwa kwenye kipengele cha nne. Awe wa rangi gani?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja lingetosha. Mama Herufi aliufungua mdomo, na wakati huo huo nyuma ya ukuta Radi akakohoa, kikohozi cha kawaida tu cha mtu aliyepaliwa na chai.

"Waraka hausemi rangi," akajibu Mama Herufi.

Bwana yule alimshukuru, akaondoka akiwa na nafuu usoni. Mama Herufi alibaki akizitazama herufi za kibodi yake moja baada ya nyingine, akajichukia.

Mamlaka haikuwa na punda. Wenye punda walikuwa wachuuzi wa maji, wabeba mchanga na wakusanya taka, watu ambao wakimwona mtu mwenye tai hukunja mgongo kabla hajasema kitu. Jumatano nzima magari ya Mamlaka yalizunguka mjini yakichukua punda kwa mujibu wa waraka, mbio mbio, kwa bidii ambayo ofisi ile haikuwahi kuionyesha tangu iasisiwe. Radi aliwaona watumishi kutoka dirishani wakihangaika kwenye jua kali, bila kujua wanatafuta nini, akamwambia Mama Herufi kwamba haya ndiyo aliyokuwa akiyasema, kwamba hofu inawatuma watu.

Jioni hiyo shemeji yake Mama Herufi alifika nyumbani kwake. Alikuwa mume wa marehemu mdogo wake, mchuuzi wa maji, aliyelea watoto wawili kwa mkokoteni mmoja na punda mmoja. Mama Herufi aliusikia mkokoteni kwa mbali, akaenda kufungua. Katikati ya mikono miwili ya mkokoteni, pale anapofungwa punda, alisimama shemeji mwenyewe. Shati lilikuwa limegandana na bega, na bega limevimba.

Alikaa kwenye kigoda, akakunywa maji glasi mbili ndipo akasimulia. Walikuja watatu, wakampa karatasi. Karatasi alikuwa nayo. Ilisema punda amechukuliwa kwa matumizi ya kiofisi, na atarejeshwa au hatarejeshwa kadiri itakavyoamuliwa. Alikuwa amewavutia maji mafundi wa ujenzi tangu asubuhi, madumu kumi kumi, na mlimani alipanda kwa magoti.

"Nilimwuliza yule bwana, punda wa nini? Akanitazama kama mtu anayetaka kulia. Akaniambia, mzee, ningekuwa na pa kuuliza ningekuwa nimeshauliza." Shemeji aliikunja karatasi yake akairudisha mfukoni. "Shemeji, wewe unakaa humo ndani. Hivi kweli hakuna hata mmoja humo anayeweza kufungua mdomo?"

Mama Herufi alimwambia chai inapoa.

Lakini Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Naibu Mkurugenzi. Alijipanga njiani, akaingia, akafunga mlango, akasema yote kwa pumzi moja: kikohozi, kidole, E na A. Naibu alimsikiliza huku uso ukimgeuka rangi. Hakushangaa. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa amekificha uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe.

"Mama," akasema, "kama wewe umekosea kuandika, basi aliyesaini hakusoma. Unataka mimi niende nikamwambie hakusoma?"

Mama Herufi akasema alikuwa tayari kulibeba kosa peke yake. Naibu akamwambia kosa halipo, kwa hiyo hakuna cha kubeba. Kisha akamwonyesha dirishani. Kwenye maegesho ya magari mafundi walikuwa wanamalizia banda la mabati, na juu ya mlango wake kulikuwa na kibao: HIFADHI YA MUDA YA TAARIFA.

Ijumaa, saa tatu na dakika hamsini, wakuu tisa walipanga mstari kwenye korido ya ghorofa ya chini, kila mmoja na kamba mkononi. Walikuwa wamevaa suti. Taarifa zilikuwa zimefungwa migongoni kwa utepe. Punda mmoja alishaila ya kwake hadi ukurasa wa kumi na mbili.

Radi aliteremka ngazi, akasimama kwenye ngazi ya mwisho. Mama Herufi alikuwa nyuma yake na daftari, aliona shingo yake ikikakamaa. Alisubiri radi ipige. Haikupiga. Kichwani mwa mkubwa yule yalikuwa yakipita mambo mengi, na yote yalikuwa hofu tupu. Watu tisa wazima hawawezi kuleta punda bila amri. Amri yeye hakuitoa. Basi imetoka juu, kwa Waziri, na waraka wa Waziri ulikuja yeye akaupita bila kuusoma, kama alivyozipita nyingine nyingi. Akiuliza, itajulikana. Kiongozi anayeuliza amekwisha kukiri kwamba hajui.

Akashuka, akampa kila mkuu mkono. Akampapasa punda wa kwanza. Akasema ameridhika na kiwango cha utekelezaji.

Kilichomkosesha raha ni kwamba wote walikuwa na punda isipokuwa yeye. Jumamosi alikwenda sokoni amevaa kofia, akanunua wa kwake, mweupe, mnene kuliko wote, asije akaulizwa. Jumatatu akapeleka taarifa wizarani kwamba zoezi la punda limefanikiwa kwa asilimia mia moja na kumi na moja.

Waziri aliisoma taarifa ile mara mbili. Hakukumbuka kuagiza punda. Lakini juu nako kuna juu yake, na yeye alikuwa amesinzia kwenye vikao viwili vya mwisho. Akaamua kwamba ameagiza. Ikatangazwa kwamba Jumatano angekuja kukagua.

Siku hiyo uwanja wa Mamlaka ulifagiliwa hadi udongo ukaona aibu. Punda kumi walisimama mbele, watumishi nyuma yao. Nje ya lango walikusanyika wenye punda, wameshika vyuma vya geti, na mlinzi amewapa mgongo kama aliyeagizwa asiwaone. Mama Herufi aliliona bega la shemeji yake kabla hajauona uso wake.

Waziri alipanda jukwaani, akaeleza kwamba wazo hili alikuwa nalo tangu ujana wake. Alisema nchi zilizoendelea zote zilianza na punda. Akaendelea hivyo kwa nusu saa. Kisha akatangaza Awamu ya Pili: kuanzia wiki ijayo, punda wote wa mji mzima wachukuliwe, pasibaki hata mmoja.

Watumishi wakapiga makofi. Mama Herufi alikuta na yeye mikono yake inapiga makofi. Akaitazama. Ilikuwa mikono ile ile iliyoandika siku ya kikohozi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nini hasa kilichobaki cha kuogopa kuliko hiki alichokwisha kukifanya. Akaizuia mikono. Akatoka kwenye mstari akatembea hadi mbele, viatu vyake vikisikika, akasimama kati ya punda wawili.

"Mheshimiwa Waziri, nisamehe," akasema. "Ni kosa la herufi moja. Ilikuwa 'punde'. Nimeandika mimi 'punda'. Nilikuwa naogopa."

Punda mmoja akatikisa masikio. Waziri alimtazama Mama Herufi, akamtazama msaidizi wake, ambaye alikuwa anachunguza vidole vyake. Halafu akamgeukia Radi, kwa upole wa kutisha.

"Mkurugenzi. Waraka huu uliusoma kabla ya kusaini?"

Radi aliona majibu mawili, na kila moja lilikuwa shimo. Akisema hakuusoma ni mzembe. Akisema aliusoma ni mwendawazimu. Aliogopa zaidi kuitwa mzembe.

"Niliusoma, Mheshimiwa."

"Ukaona punda."

"Nikaona punda."

"Ukasaini."

"Nikasaini."

"Punda wa nini?"

Radi alifungua kinywa. Ile sauti iliyokuwa ikikimbiza watu kumi na mmoja kwa mpigo haikutoka. Koo lake lilitoa mlio mwembamba, kama bomba linalosubiri maji. Alisimama hivyo hivyo, mdomo wazi, jasho likimtiririka, na watumishi wote wakamwona. Walimfahamu mara moja. Kila mmoja alikuwa amesimama hivyo mbele yake, tena si mara moja.

Aliyeanza kucheka ni Mkuu wa Kitengo cha Mashimo. Alijaribu kukibana kicheko, kikamtokea puani. Akafuata Mwanasheria. Kisha wakuu wote tisa wakawa wanacheka wameshikana mabega, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Mlinzi alicheka hadi akashika geti ili asianguke, na geti likafunguka.

Waziri alikumbuka kwamba alikuwa na kikao kingine. Msaidizi wake alipita mbio kwa waandishi wa habari akiwaomba waelewe kwamba hotuba haikutolewa. Akiwa mguu mmoja ndani ya gari, Waziri aliuliza yule punda mweupe ni wa nani, akaambiwa. Akaagiza mali binafsi ya Mkurugenzi iondolewe kwenye eneo la serikali kabla ya jioni.

Mama Herufi alirudi kitini kwake akisubiri barua ya kufukuzwa. Barua haikuja. Ingebidi itaje kosa, na kosa lingemtaja aliyesaini, na aliyesaini alikwisha kusema mbele ya Waziri kwamba aliona punda akaafiki. Isitoshe, barua zote za kufukuza watu katika jengo lile ziliandikwa na yeye. Aliandika badala yake karatasi tisa za kurejesha punda, akazipeleka mwenyewe uwanjani, lakini alikuta wenyewe wameshawafungua na wanaondoka.

Akabaki yule wa kumi. Dereva wa Radi alikuwa ameeleza, kwa adabu zote, kwamba yeye ni dereva wa gari. Basi Radi alikuwa peke yake katikati ya uwanja, koti begani, kamba mikononi, anavuta. Punda mweupe hakwenda. Radi alisimama mbele yake akamkemea, na sauti ikawa imerudi, ikapiga kwenye kuta zote nne za uwanja. Madirishani vichwa vilijaa. Hakuna aliyekimbia. Punda alikita kwato chini, akazidi kuwa jiwe.

Shemeji alikuwa anafunga punda wake kwenye mkokoteni pale getini. Alitazama kwa muda, kisha akaacha kazi yake akasogea.

"Mzee, unamtisha."

"Namtisha ndiyo. Aende."

"Punda hatishwi akaenda," akasema shemeji. "Mbuzi atakimbia, ng'ombe atakimbia. Punda akiogopa anasimama pale pale. Watu wanasema mkaidi. Si mkaidi huyu, anakuogopa."

Radi akamtazama punda. Akayatazama madirisha, sura moja baada ya nyingine, sura za watu ambao hawakuwa wamezibua mtaro hata mmoja tangu Robo ya Hofu ianze. Mama Herufi, aliyekuwa mlangoni na karatasi zake tisa, aliona mabega ya mkubwa yule yakishuka.

"Sasa nifanyeje?" akauliza Radi.

Ofisini hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza kitu. Shemeji hakujua hilo, kwa hiyo alimjibu kama anavyojibiwa mtu yeyote. Alimwambia aache kusimama mbele, aje ubavuni. Alegeze kamba. Amwekee mkono shingoni, halafu anyamaze.

Radi akanyamaza. Punda alikaa kidogo, akashusha pumzi ndefu puani, kisha akainua mguu mmoja.